Kipa wa tatu hachezi, kwa nini anabebwa kila mashindano?

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni msomaji wako wa Tanga. Kila Taifa Stars wanapotangaza kikosi cha mashindano makubwa roho inaniuma. Makipa watatu wanabebwa, yule wa tatu anarudi na jezi safi kama alivyoondoka nayo, huku straika aliyefunga ligi nzima anaachwa nyumbani. Kwa nini tusibebe makipa wawili, nafasi moja apewe mfungaji? Kama ni kanuni, kocha hawezi kumwandikisha straika kama kipa wa tatu halafu akamchezesha mbele? Na huyo kipa wa tatu, mwisho wa siku anapata nini?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na jibu fupi: ndiyo, ni kanuni. Kwenye Kombe la Dunia orodha ya mwisho lazima iwe na makipa wasiopungua watatu, na AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, nako ni hivyo hivyo. Lakini sitaki nijifiche nyuma ya kanuni. Kazi yangu ni kufundisha makipa, na hata kanuni ingefutwa kesho, mimi ningembeba wa tatu.

Tushughulike kwanza na hesabu, maana ndiyo inayokuumiza. Hadi Kombe la Dunia la 1998 kikosi kilikuwa cha wachezaji 22. Mwaka 2002 wakawa 23, na Qatar 2022 wakafika 26. AFCON ya Misri mwaka 2019, ile tuliyokwenda pamoja na majirani zetu Kenya, Uganda na Burundi, ilikuwa ya wachezaji 23. Ile ya Côte d'Ivoire iliyochezwa mwanzoni mwa 2024 iliruhusu 27, na ya Moroko iliyoanza Desemba 2025 iliruhusu 28. Sasa chukua ile 23 ya zamani: nafasi kumi za uwanjani, kila nafasi watu wawili, hao ni 20, ongeza makipa watatu, kikosi kimejaa. Hapo kilio chako kilikuwa na mashiko, kwa sababu kila nafasi ilikuwa na gharama yake. Lakini kwenye 28 kuna wachezaji 25 wa ndani, yaani wasio makipa. Straika akiachwa hapo, kipa wa tatu hana hatia. Kocha ameshachagua watu 25 wa kucheza mbele ya kipa, na yeye hayumo miongoni mwao. Ugomvi wako ni na beki wa tano wa kati au kiungo wa saba, na huo ni ugomvi halali, nitaurudia chini.

Sasa twende Kameruni, Januari 2022, maana kilichowapata Komoro pale kinajibu swali lako kuliko maelezo yangu yote.

Komoro walikuwa AFCON kwa mara ya kwanza katika historia yao. Sisi wa pwani tuliwafuatilia kama tunavyowafuatilia ndugu, na ni ndugu kweli. Walifungwa na Gabon, wakafungwa na Moroko, na tarehe 18 wakaingia uwanjani Garoua kucheza na Ghana, mabingwa mara nne wa Afrika. Wakawafunga 3-2, wakafuzu hatua ya 16 bora. Ila katikati ya furaha hiyo kipa wao wa kwanza, Salim Ben Boina, aliumia, akatolewa, na Moyadh Ousseni akaingia kumalizia mechi. Bado walikuwa na wawili wazima, Ousseni na Ali Ahamada, kwa hiyo ungesema hakuna tatizo.

Kisha yakaja majibu ya vipimo vya korona. Watu 12 kambini walikutwa nayo, akiwamo kocha mkuu Amir Abdou, na humo humo Ousseni na Ahamada. Siku ya mechi Ahamada alipimwa tena akaonekana hana virusi, lakini utaratibu wa CAF, shirikisho la soka Afrika, wakati ule ulidai siku tano za kujitenga, na hazikuwa zimetimia. Kabla ya mashindano CAF walishaelekeza kwamba timu yenye wachezaji 11 wazima itacheza, na kama haina kipa, mchezaji wa ndani atasimama golini. Makipa watatu walibebwa, makipa watatu wakaisha, ndani ya wiki moja.

Tarehe 24 Januari, kwenye uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, mbele ya wenyeji Kameruni, aliyevaa glovu alikuwa Chaker Alhadhur. Huyu ni beki wa kushoto. Jezi ya kipa aliyopewa haikuwa na namba yake, ikabidi 3 yake itengenezwe kwa utepe mgongoni. Dakika ya saba nahodha Nadjim Abdou akapewa kadi nyekundu. Wakabaki kumi, na golini yuko beki.

Niliitazama mechi ile kwa jicho la kazi yangu. Alhadhur alikuwa jasiri kupita kiasi, aliokoa hatari kadhaa za karibu, na watu wengi siku ile walisema tazama, hata beki anaweza kudaka. Mimi namvulia kofia, lakini kudaka shuti linalokuja mwilini ni sehemu ndogo ya kazi ya kipa. Kubwa ni kusimama mahali sahihi kabla shuti halijapigwa. Ni kujua krosi hii natoka na ile nabaki. Ni kuwapanga mabeki wanne kwa sauti huku mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja. Hayo hufundishwi hotelini kwa siku mbili. Kameruni walipata bao la kwanza kupitia kwa Karl Toko Ekambi dakika ya 29, Vincent Aboubakar akaongeza la pili dakika ya 70, kisha Youssouf M'Changama akafunga faulo ya mbali sana, moja ya mabao mazuri ya mashindano yale. Ikaisha 2-1. Timu ya watu kumi ilikosa bao moja tu kwenda dakika za nyongeza, na golini haikuwa na kipa. Tangu siku ile sijaweza kumsikiliza mtu anayesema makipa wawili wanatosha.

Utasema korona ilikuwa balaa la mara moja. Sawa, tuitoe. Rudi nyuma hadi AFCON ya Gabon, 2017. Misri wanaanza na Mali, na golini yuko Ahmed El Shenawy. Kipindi cha kwanza tu anaumia. Sherif Ekramy naye alikuwa na jeraha. Anaingia Essam El Hadary, aliyekuwa ametimiza miaka 44 siku mbili kabla. Mzee yule hakufungwa hata bao moja katika hatua ya makundi, na Waganda wanalijua hilo vizuri, kwa sababu Uganda Cranes walikuwa wamerudi AFCON baada ya miaka 39, wakakutana naye Port-Gentil na kulala 1-0 kwa bao la dakika za mwisho. Robo fainali dhidi ya Moroko hakufungwa. Nusu fainali na Burkina Faso ilikwenda kwenye mikwaju ya penalti, akaokoa miwili, Misri wakaingia fainali, wakafungwa na Kameruni 2-1. Ungekuwa wewe umeandika orodha ile na kumwacha mzee nyumbani ili ubebe straika mmoja zaidi, Misri wangemweka nani golini dhidi ya Mali?

Na makipa hawapotei kwa majeraha ya uwanjani peke yake. Mwaka 2002 Santiago Cañizares, kipa namba moja wa Uhispania, aliangusha chupa ya manukato bafuni hotelini, kioo kikamkata kano ya mguu, Kombe la Dunia likamwishia hapo. Iker Casillas, kijana wa miaka 21, akachukua goli na kuokoa mikwaju miwili ya penalti walipoitoa Jamhuri ya Ireland. Mwaka 2010 Italia walimpoteza Gianluigi Buffon kwa maumivu ya mgongo wakati wa mapumziko ya mechi yao ya kwanza. Qatar 2022, André Onana alidaka mechi moja tu ya Kameruni, kisha akaondolewa kambini baada ya kutoelewana na kocha Rigobert Song, na Devis Epassy akajikuta anaanza dhidi ya Serbia mechi iliyoisha 3-3. Bafuni, mgongo, ugomvi. Hakuna kocha anayeweza kuyapangia hayo.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki hawalioni kwa sababu halionyeshwi kwenye runinga, nalo ni mazoezi. Kikosi kikigawanywa kuchezeana wenyewe, magoli mawili yanahitaji makipa wawili. Ukiwa nao wawili tu, wote wako kazini kila siku, na yule atakayeanza kesho analazimika kurukia mashuti ya wachezaji ishirini na ushee jioni ya leo, siku ambayo mimi ningetaka afanye kazi nyepesi ya dakika arobaini, krosi chache na mipira ya miguuni, akapumzike. Wa tatu ndiye anayemwezesha wa kwanza kupumzika. Siku inayofuata mechi, walioanza wanafanya mazoezi ya kurudisha mwili huku waliokaa benchi wakipigishwa kazi ngumu, na kazi hiyo inataka kipa. Ukifika wakati wa kujiandaa kwa penalti, kila mpigaji anataka mtu wa kweli mbele yake, na kipa wa kwanza hatakiwi kuruka mara sitini kwenye nyasi ngumu. Mwenye glovu pale, jioni, wenzake wakiwa wameshapanda basi, kwa kawaida ni wa tatu. Vidole vyake vimefungwa plasta, na hakuna atakayeandika jina lake.

Ndiyo maana uchaguzi wake una vigezo tofauti. Wa kwanza na wa pili unawachagua kwa ubora. Wa tatu unaangalia na roho yake: atafanya kazi mwezi mzima bila kuchezeshwa, bila kununa, bila kuleta maneno kambini? Wengine hubeba mkongwe, wengine hubeba kijana anayeandaliwa kwa mashindano yajayo. Kikosi chetu cha AFCON ya Côte d'Ivoire kilikuwa na Aishi Manula, Beno Kakolanya na Kwesi Kawawa aliyelelewa kisoka Sweden, na kwa macho yangu huo ulikuwa mchanganyiko wenye akili.

Kocha wa Uholanzi, Louis van Gaal, alikwenda mbali zaidi. Robo fainali ya Kombe la Dunia 2014, Uholanzi na Costa Rica wako 0-0, dakika ya 120 inakaribia kwisha, akamtoa Jasper Cillessen na kumwingiza Tim Krul, jezi namba 23, ambaye hakuwa amecheza hata dakika moja ya mashindano yale. Krul akaokoa penalti mbili, Uholanzi wakapita. Mtu aliyeonekana abiria ndiye aliyewapeleka nusu fainali.

Sasa swali lako la pili, la kumwandikisha straika kama kipa. Si wewe wa kwanza kuliwaza. Mwaka 2010 Korea Kaskazini, waliorudi Kombe la Dunia baada ya miaka 44, walimwandika mshambuliaji wao Kim Myong-won kwenye moja ya nafasi tatu za makipa. Walitaka nguvu ya ziada mbele. FIFA wakawajibu waziwazi kwamba aliyeandikwa kipa atacheza kipa tu, hawezi kuingia kama mchezaji wa ndani. Kim akakaa benchi mechi zote tatu, hakugusa mpira. Walipoteza straika na walipoteza kipa wa tatu kwa mpigo mmoja. Hiyo njia imefungwa.

Kinyume chake kiliwahi kukaribia kutokea. Euro 1996 Ujerumani walifika fainali wakiwa wameandamwa na majeraha na adhabu za kadi hadi wakachapisha jezi za wachezaji wa ndani kwa ajili ya makipa wao wa akiba, Oliver Kahn na Oliver Reck. UEFA, shirikisho la soka Ulaya, wakawahurumia na kuwaruhusu kumwita Jens Todt kabla ya fainali. Makipa hawakuhitajika mbele, na Ujerumani wakachukua kombe.

Hapo tunafika kwenye kitu ambacho naona ndicho kiini cha mjadala wote: mlango wa orodha ukishafungwa, umefungwa. Katika Kombe la Dunia mchezaji wa ndani aliyeumia anaweza kubadilishwa hadi saa 24 kabla ya mechi ya kwanza ya timu yake. Tazama Ufaransa 2022. Christopher Nkunku aliumia mazoezini kabla ya safari, akaitwa Randal Kolo Muani, kijana aliyezaliwa na wazazi wa Kongo, ambaye hakuwamo kwenye orodha ya mwanzo. Alifunga dhidi ya Moroko kwenye nusu fainali sekunde chache tu baada ya kuingia. Siku chache baada ya Nkunku, Karim Benzema naye akaumia, na safari hii kocha Didier Deschamps hakuita mtu, akaendelea na waliobaki hadi fainali. Straika akiumia kwenye mechi ya pili, timu inaishi na pengo hilo. Lakini kanuni za Kombe la Dunia zimekuwa zikiruhusu kipa aliyeumia vibaya abadilishwe hata mashindano yakiwa yanaendelea. Walioandika kanuni walijua kwamba timu inaweza kucheza bila straika halisi, na zipo zilizochukua makombe hivyo. Bila kipa haichezi.

Nirudi kwa mfungaji wako aliyeachwa, maana sitaki udhani nampuuza. Timu zetu nyingi zikifika AFCON hucheza na mshambuliaji mmoja mbele, kwa sababu sehemu kubwa ya mechi tunakuwa hatuna mpira. Mshambuliaji huyo lazima akimbie peke yake, akae na mpira mgongo ukiwa golini kwa mpinzani, akabe beki anayeanzisha, na arudi kulinda kona. Mtu anaweza kufunga mabao 20 kwenye ligi akiwa katika timu inayoshambulia dakika 80 kati ya 90, kisha akapotea kabisa dhidi ya Senegal. Kocha anayemwacha hasemi kwamba hajui kufunga, anasema kwamba mipira ile anayoifunga hataipata huko.

Mwaka 2019 Wakenya walipandwa na hasira kocha Sébastien Migné alipomwacha Jesse Were, aliyekuwa akifunga kwa wingi akiwa na Zesco United ya Zambia. Hasira ile naielewa hadi leo. Lakini mbele Migné alikuwa na Michael Olunga, na tarehe 27 Juni mjini Cairo, sisi tukiwa tumetangulia mara mbili kwa mabao ya Simon Msuva na Mbwana Samatta, Olunga akatufunga mawili, Johanna Omolo moja, ikaisha 3-2. Mechi ile ililiuma taifa letu zima, na nakutajia kwa sababu inaonyesha kocha alitaka nini: mtu mrefu, mwenye kasi, anayeweza kupambana na mabeki wawili bila msaada. Akishakuwa naye, mbadala anayemtafuta ni yule anayefanana naye, au winga anayeweza kusogea katikati.

Mahali ninapokuunga mkono kwa dhati ni hapa. Makocha wetu wakitangaza kikosi husoma majina, hujibu maswali mawili, huondoka. Shabiki aliyemshangilia mfungaji wake msimu mzima anastahili kuambiwa sababu, kwa lugha ya mpira, ya kuachwa kwake. Na mchezaji mwenyewe anastahili kupigiwa simu kabla hajaisikia redioni. Hilo halihitaji bajeti wala kanuni mpya ya CAF. Ukipata nafasi ya kuuliza, uliza hivyo: nani atacheza beki ya kushoto akiumia wa kwanza, nani anashika nafasi ya kiungo mkabaji akipata kadi mbili, na kwa nini kiungo wa saba ana faida kuliko mfungaji wa nne. Kocha aliyejipanga anayo majibu. Asipokuwa nayo, hapo lalamika, nami nitalalamika nawe.

Umeuliza pia kipa wa tatu anapata nini. Zamani, kwenye Kombe la Dunia, kuanzia 1930 hadi 1974, medali walipewa wale 11 waliocheza fainali tu. Kuanzia 1978 kikosi kizima kinapewa, na mwaka 2007 FIFA waliamua kuwapa medali hata wale wa zamani waliokuwa wamesahauliwa. Kwa hiyo makipa wa akiba wa Argentina, Franco Armani na Gerónimo Rulli, ambao hawakucheza hata dakika moja Qatar, wana medali ya dhahabu ile ile aliyonayo Emiliano Martínez. Klabu ya kipa wa tatu nayo inanufaika: kwa mashindano yale FIFA waligawa dola milioni 209 kwa klabu zilizotoa wachezaji, karibu dola 10,950 kwa kila mchezaji kwa kila siku, awe amecheza dakika zote au hakuinuka benchi. Hiyo ni ya klabu. Posho na bonasi ya mchezaji mwenyewe hupangwa na shirikisho lake, na kambi nilizozisikia zikitulia ni zile ambazo kipa wa tatu na nahodha walijua kiasi chao, kwa maandishi, kabla ya kupanda ndege.